Jeonju: mtaa wa hanok ni wa kulala, si wa kupita

Kama umepata siku moja tu ya kwenda Jeonju, mji wa Korea Kusini wenye mtaa mzima wa nyumba za jadi, ningekushauri uiahirishe safari mpaka upate mbili. Mara ya kwanza nilikwenda na wenzangu wa chuo, Jumamosi, tukarudi Seoul jioni ile ile, nikadhani mtaa nimeshauona. Nilichokiona ni watu: foleni za mishikaki na aiskrimu, vijana waliokodi hanbok, mavazi ya jadi ya Kikorea, wakipigana picha, na skuta za umeme zikipenya katikati yao. Mara ya pili, mwanzoni mwa Novemba, nilikwenda na shoga yangu katikati ya wiki, tukalala siku mbili. Ninayoyaandika hapa ni ya safari hiyo ya pili.

Kufika si kazi. Treni ya mwendokasi, KTX, kutoka kituo cha Yongsan, Seoul, inachukua kama saa moja na dakika 40, na nauli ni won 34,000 na ushei. Basi ni nafuu zaidi lakini linakaribia saa tatu. Ukishuka Jeonju, mtaa hauko jirani na kituo, panda teksi au basi la mjini.

Hanok ni nyumba ya jadi ya Kikorea: nguzo za mbao, kuta za udongo, milango ya karatasi na paa la vigae vyeusi lililojikunja pembeni. Humu mtaani ziko zaidi ya 700. Wageni wengi hudhani ni za kale sawa na ufalme wa Joseon uliotawala tangu 1392, kumbe nyingi ni za karne iliyopita. Mwanzoni mwa karne hiyo Wajapani, waliokuwa wameanza kuitawala Korea, waliubomoa ukuta wa mji, na katika milango yake minne mikubwa ukabaki mmoja tu, Pungnammun, ambao upo mpaka leo. Wafanyabiashara wa Kijapani waliokuwa wakikaa nje ya ukuta wakaingia ndani na kusambaa mjini. Miaka ya 1930 Wakorea wakajikusanya upande huu, wakajenga nyumba za kwao, kwa mtindo wa kwao, kandokando. Mimi nimekulia Mkunazini, Unguja, najua nyumba inavyoweza kumsemea mwenyewe kabla hajafungua mdomo, na habari hii ilinigusa kuliko ningeambiwa zina miaka 500.

Sasa malazi, maana hapa ndipo watu wanapokosea. Siku ya kwanza tulilala nyumba niliyoichagua kwa picha, won 60,000. Chumba kilikuwa kinatazama barabara kuu ya mtaa. Picha zilikionesha kipana, lakini magodoro mawili yalipotandikwa sakafuni hapakubaki pa kuweka sanduku. Choo kimebanwa kwenye pembe kiasi kwamba ukioga maji yanarukia kila kitu. Mlango wa karatasi ni mzuri kuutazama, ila hauzuii sauti. Mpaka saa tano usiku tulikuwa tukisikia magurudumu ya masanduku yakipita juu ya mawe, na mgeni wa chumba cha pili akizungumza na simu yake neno kwa neno. Baridi ilipoanza kushika tuligundua joto la sakafu linawashwa na mwenye nyumba kutoka kwake, naye alikuwa hapatikani kwa simu. Tulilala na makoti. Kwa nyumba inayojitangaza kwa sakafu yake ya joto, hilo halikubaliki, na nilimwandikia hivyo mwenyewe.

Siku ya pili tulihamia nyumba nyingine, vichochoro viwili nyuma, won 90,000. Tofauti ya hizo elfu 30 ni mbingu na ardhi. Lango dogo la mbao linakuingiza uani: mti mmoja wa persimoni umebeba matunda, mitungi ya kuchachushia maharage ya soya imepangwa ukutani, na chumba chetu kiko mwisho kabisa, mbali na njia. Mbele ya chumba kuna ubao mrefu ulioinuliwa kutoka ardhini, wao huita maru. Unavua viatu, unakaa, unanyoosha miguu, unatazama ua. Ni baraza kabisa, ila ya ndani. Bibi mwenye nyumba alituletea matunda yaliyomenywa na chai ya shayiri, akagusa sakafu kwa kiganja kabla ya kutuachia chumba, kuhakikisha imepata moto. Joto hili, ondol, zamani lilikuwa ni moshi wa jikoni unaopitishwa kwenye mifereji chini ya sakafu. Siku hizi ni mabomba ya maji ya moto. Ukilala juu ya godoro jembamba na kujifunika mfarishi, joto linakupanda mgongoni taratibu. Mgongo wangu una matatizo ya muda mrefu, na asubuhi ile niliamka sina maumivu.

Kwa hiyo mkiweka nafasi, ulizeni mambo matatu: chumba kiko uani au barabarani, joto la sakafu linawashwa na nani, na choo kiko ndani au nje. Picha ziacheni.

Chakula. Jeonju imo katika orodha ya UNESCO ya miji ya mapishi tangu 2012, na Wakorea wenyewe wanakuja kutoka mbali kwa ajili ya kula tu. Kwa Muislamu inahitaji maarifa kidogo. Bibimbap ya hapa huletwa kwenye bakuli la shaba: wali chini, juu yake machipukizi ya soya, mboga za aina nyingi zilizokatwa nyembamba, kiini cha yai, na vipande vya jeli ya choroko iliyotiwa rangi ya manjano kwa matunda ya mmea wa gardenia. Jeli hiyo haina ladha kubwa, lakini ulaini wake ndio unaozituliza mboga na pilipili. Tatizo ni nyama ya ng'ombe, mara nyingi mbichi, inayowekwa juu. Jifunze kusema "gogi ppae juseyo", yaani nyama nitolee. Halafu uliza na wali, kwa sababu Jeonju kuna desturi ya kuupika kwa supu ya mifupa ya ng'ombe, na ukitoa nyama ya juu tu hujafanya kitu. Pilipili yenyewe, gochujang, ikiwa ya kiwandani mara nyingine hutiwa alkoholi ya kuihifadhi. Mkahawa wa pili tuliouingia mama mpishi alituambia pilipili ni ya kwake na wali umepikwa kwa maji matupu. Tukala mpaka bakuli likabaki linang'aa, won 13,000 kila mmoja. Sijaona wali wa mboga uliopangwa kwa heshima namna ile.

Lakini chakula nilichokipenda zaidi ni cha bei ndogo: kongnamul gukbap, wali ndani ya supu ya machipukizi ya soya. Nendeni asubuhi, Soko la Nambu, ng'ambo tu ya mtaa. Wanaopika kwa mtindo wa sokoni hapo huweka wali baridi bakulini, wakaumwagia supu ya moto, wakaimwaga tena sufuriani, wakarudia hivyo mara kadhaa mpaka wali unashika moto bila kuiva zaidi. Supu tuliyokunywa ni ya dagaa wakavu na mwani, inatiwa uduvi wa chumvi. Pembeni wanakuletea mayai yaliyoiva nusu kwenye kikombe cha chuma. Unachota vijiko vichache vya supu humo, unavunjia karatasi ya mwani mkavu, unakunywa kwanza hayo. Nilikumbuka kina mama wa Paje na Jambiani wanaofuata maji ya bamvua wakilima mwani wa kuuza nje, aina nyingine na hii, nasi kwetu hatuutii chunguni. Hapa mwani ndio unaofungua kifungua kinywa. Bakuli halikufika won 10,000. Tulirudi asubuhi ya pili.

Vya kuviepuka: moju, kinywaji cha moto chenye mdalasini ambacho watakuuzia kama chai tamu, kumbe ni pombe ya mchele iliyochemshwa na bado ina kilevi kidogo, na sundae, ambayo si aiskrimu bali ni utumbo wa nguruwe uliojazwa damu. Soko la usiku la Nambu, kwa wanaotafuta kitu cha kufanana na Forodhani, ni Ijumaa na Jumamosi tu, hivyo sisi lilitupita. Msikiti upo Jeonju, wa Abubakar Siddiq, ila hauko ndani ya mtaa huu. Sisi tuliswali chumbani.

Matembezi yanaanza Gyeonggijeon, na kiingilio ni won 3,000. Fikeni saa tatu asubuhi wanapofungua. Ni hekalu lililojengwa 1410 kutunza picha ya Mfalme Taejo, mwanzilishi wa Joseon, ambaye ukoo wake ni wa Jeonju. Watu hupiga picha kwenye mianzi kisha wakatoka. Mimi nasomea utunzaji wa nyaraka, na nilikwenda moja kwa moja kwenye jengo dogo lililosimama juu ya nguzo, la kuhifadhia kumbukumbu za wafalme. Joseon walikuwa wakiandika kila jambo la utawala, na nakala zake waliziweka miji minne ili moto au vita visizimalize kwa mkupuo. Mwaka 1592 Wajapani walipovamia, nakala tatu ziliteketea. Ya Jeonju ilibaki, kwa sababu wasomi wawili wa eneo hili, An Ui na Son Hong-rok, walivibeba vitabu hivyo pamoja na picha ya mfalme wakavipandisha mlima Naejang na kuvilinda huko. Si wanajeshi, na kwa umri hawakuwa vijana. Baada ya vita nakala mpya zote zilichapwa kutokana na ile moja. Jengo la leo limejengwa upya na vitabu havimo, lakini nilikaa mbele ya ngazi zake karibu saa nzima. Nimeona kwetu majalada yanavyoliwa na mchwa na unyevu, na kila siku naomba wapatikane watu wa aina ya hawa.

Ukitoka langoni, mbele yako ni Kanisa la Jeondong, matofali mekundu na kuba, lilianza kujengwa 1908 mahali walipouawa Wakatoliki wa kwanza wa Korea mwaka 1791. Msingi wake una mawe ya ule ukuta wa mji uliobomolewa. Uwanjani kuna kelele za wapiga picha, ndani pametulia.

Kabla ya magharibi pandeni Omokdae, kilima kifupi chenye jukwaa la mbao, ambako huyo Taejo, kabla hajawa mfalme, alifanya karamu baada ya kuwashinda maharamia wa Kijapani mwaka 1380. Njiani kuna mahali ambapo miti inaachia nafasi na mapaa yote yanaonekana chini kama mawimbi meusi. Jua likizama, mabasi ya wageni yanaondoka, maduka yanafunga mapema, na taa za vyumbani zinaanza kuwaka nyuma ya karatasi. Hapo mtaa unarudi kwa wenyewe. Mzee alikuwa akifagia majani mbele ya lango lake, akatuinamia kichwa, nasi tukamwinamia.

Kijiji cha michoro cha Jaman, ng'ambo ya barabara, tulikipita haraka. Rangi zimepauka. Muda huo upelekeni Hyanggyo, shule ya zamani ya Kikonfusi upande wa pili wa mtaa, yenye miti ya ginkgo ya karne kadhaa. Novemba uwanja mzima unakuwa wa manjano, ardhini na juu. Kutoka hapo mto uko hatua chache, na njia ya kando ya maji inakufikisha Hanbyeokdang, kibanda cha mbao kilichojengwa kwa mara ya kwanza 1404 juu ya mwamba. Tuliketi pale na mkate wa maharage mekundu tulioununua njiani, tukamtazama korongo mmoja akivua.

Ninachosikitikia ni nyumba za barabara kuu zilizogeuka maduka ya vitafunio mpaka kizingitini, nyingi hazina tena mtu anayelala ndani. Mji Mkongwe nao unaelekea huko, ndiyo maana nimeliona upesi.

Mwezi wa nne narudi na mama yangu, atakayekuja kunitembelea. Nimeshampigia simu bibi, kaniwekea kile kile chumba cha mwisho wa ua, na nimemwomba siku tatu.