Kitabu cha Zlatan: msikinunue kwa ajili ya Guardiola

Basi nimemaliza I Am Zlatan Ibrahimović, kitabu cha maisha ya yule mwanasoka wa Sweden, na nasema wazi, kama unakitafuta kwa sababu ya lile bifu lake na Guardiola, kocha wake wa Barcelona, utakuwa umelipia sehemu dhaifu kuliko zote. Ndio kitabu kinaanza nalo, Barcelona, habari za kuambiwa wachezaji hawaji mazoezini na Ferrari wala Porsche, na anavyowaona kina Messi, Xavi na Iniesta kama watoto wa shule wanaoitikia kila anachosema mwalimu. Mwanzoni unacheka kweli, lakini stori ikirudi tena huko mbele unachoka, maana anaongea mtu mmoja na mtu huyo hakosei hata siku moja. Hata lile boksi la chuma alilolitandika teke vyumbani baada ya mechi na Villarreal, ukimsikiliza yeye, mwenye makosa ni kocha aliyekaa kimya.

Utamu uko Rosengård, mtaa aliokulia kule Malmö, Sweden. Baba Mbosnia, mama Mkroatia anafanya kazi za usafi, wameachana dogo bado mdogo, kwa mzee ukifungua friji unakuta bia tu chakula hamna, dogo anaiba baiskeli za watu. Kuna pale mzee kamnunulia kitanda IKEA, hela ya kitanda ipo ya kusafirisha haipo, wakakibeba wenyewe kwa miguu mpaka nyumbani, mzee kabeba mzigo wote na dogo nyuma na vipande vyepesi, na Zlatan anavyosimulia anamsifia baba yake kwa nguvu zile, wala haombi huruma ya mtu. Alafu kwenye timu ya vijana ya Malmö FF mzazi mmoja akapitisha karatasi ya saini wazazi wenzake wasaini dogo afukuzwe timuni! Ukishapita hapo yale maringo yake unaanza kuyaelewa, hata kama bado yanakukera.

Na wakala wake Mino Raiola aisee. Zlatan yuko Ajax ya Uholanzi, anakuja kukutana naye kapigilia koti la Gucci na saa ya dhahabu, jamaa anatokea na jinzi na tisheti, anamtolea makaratasi yenye takwimu: Vieri, mshambuliaji wa Italia, mechi 27 mabao 24, Zlatan mechi 25 mabao 5, we unadhani nitakuuza vipi na namba hizi? Hapo nilicheka peke yangu.

Ila mjue aliyeshika kalamu ni David Lagercrantz, huyu huyu aliyekuja kuendeleza riwaya za Millennium za Stieg Larsson, na mwenyewe alishasema hakunukuu maneno ya Zlatan kama yalivyo, aliyaunda kwa mtindo wa riwaya. Kwa hiyo nyie mnaoweka status za "Zlatan kasema", punguzeni kidogo.

Kiingereza chake chepesi, sentensi fupi fupi, huhitaji kamusi. Kilitoka kwanza kwa Kiswidi 2011 akiwa AC Milan, mambo ya PSG na Man United alikokwenda baadaye hayamo. Nakipa nyota 4. Ya tano nimemnyima kwa ile stori ya kuwakimbia polisi na Porsche kwa spidi ya kilomita 325 kwa saa, anaisimulia kwa raha zake utadhani barabara ni ya babake.