LC-PolScope kwa Uchunguzi wa Virusi vya Umbo la Kijiti

Anayechunguza mmumunyo wa virusi vya umbo la kijiti kwa hadubini ya kawaida ya polaraizi (itumiayo nuru inayotikisika upande mmoja tu, sampuli ikiwa katikati ya vichujio viwili vya nuru hiyo) hukutana na kero ya siku nyingi: sehemu ambamo vijiti vimelala sambamba na mojawapo ya vichujio hivyo huonekana nyeusi, sawasawa na sehemu isiyo na mpangilio wowote, hivyo hana budi kuizungusha sampuli ili azitofautishe. LC-PolScope, hadubini ya polaraizi inayoongozwa na kompyuta, iliyoelezwa mwaka 1995 na Rudolf Oldenbourg na Guang Mei wa Marine Biological Laboratory, Woods Hole, Marekani, huondoa kero hiyo, na kwa maoni yangu hilo pekee latosha kuhalalisha gharama yake.

Badala ya kifidishi (kipande cha kurekebisha polaraizi ya nuru) cha kuzungushwa kwa mkono, ina bamba mbili za fuwele kioevu, yaani kimiminika ambacho chembe zake zimejipanga, zinazoongozwa kwa umeme (na kwa kuwa virusi vilivyojipanga navyo ni fuwele kioevu, ni fuwele kioevu ikichungulia nyingine!), na kamera hupiga picha kadhaa mfululizo, kila moja kwa polaraizi tofauti. Kompyuta huzilinganisha na kutoa ramani mbili: vijiti vilivyojipanga huigawa nuru kuwa miali miwili yenye kasi tofauti, basi ramani moja ni ya kiasi ambacho mwali mmoja umechelewa nyuma ya mwenzake, nyingine ni ya mwelekeo wa mhimili, yaani upande ambao vijiti vimeelekea, pikseli kwa pikseli.

Ubora wake hudhihirika kwenye virusi vya fd, ambavyo hushambulia bakteria, vyenye urefu wa takriban nanomita 880 na unene wa nanomita 7 hivi. Mmumunyo unapokolea kiasi cha kutosha, ndani ya kimiminika kisicho na mpangilio huchipuka matone ya nematiki (awamu ambayo vijiti huelekea upande mmoja bila kupangika kwa tabaka) yaitwayo taktoidi, yaliyochongoka ncha zote mbili kama punje ya mchele. Ramani ya mwelekeo huonyesha iwapo vijiti ndani ya tone vimelala sambamba vyote au vinafuata mkunjo wa ukingo, jambo ambalo picha ya kawaida humwachia mtazamaji alikisie.

Hata hivyo, kifaa hiki hupima jumla ya kina chote cha sampuli. Kwa hiyo awamu ya kolesteriki, ambayo mhimili wake hujisokota kadiri unavyopita ndani ya sampuli, hutaka tahadhari kubwa katika kufasiri. Tabaka za smektiki, awamu ambayo vijiti hujipanga kwa safu, nazo huonekana vizuri zaidi kwa hadubini ya DIC, inayogeuza tofauti ndogo za kupita kwa nuru kuwa mwanga na kivuli.

Maabara yenye hadubini nzuri haihitaji kununua nyingine, kwani bamba hizo na programu ya OpenPolScope, inayofanya kazi ndani ya Micro-Manager (programu ya kuendesha hadubini), huweza kuongezwa kwenye iliyopo, mradi lenzi zake ziwe zisizo na mkazo wa ndani, kwa sababu kioo chenye mkazo nacho huchelewesha nuru na kuingiza mpangilio wa uongo kwenye picha.