Idi kwenye kliniki yetu ya sukari na presha, Ujiji: uzoefu wangu

Naandika kwa ajili ya watu wa Kigoma wenye sukari au presha, na wanaouguza wazazi, waliosikia kwamba kuna kliniki binafsi upande wa Ujiji inayowafanyia wagonjwa wake sikukuu ya Idi, na wanajiuliza kama pale kuna la maana au ni pilau na picha tu. Mimi natibiwa sukari hapo, mama yangu anatibiwa presha, na Idi ya mwaka 2025 tulikuwepo wote wawili. Nasema nendeni. Yapo mambo yaliyonikera na nitayasema, lakini nendeni.

Kliniki yenyewe ni nyumba ya kawaida: mapokezi, dirisha la dawa, chumba cha daktari, maabara ndogo na veranda yenye mabenchi. Kila anayetibiwa pale anajua kwamba Ramadhani ikiingia mabenchi yale yanabaki matupu. Ujiji ni mji wa Waislamu tangu enzi za babu zetu, watu wanafunga, na mgonjwa aliyekwisha kutia nia ya kufunga anaona akienda kliniki atakatazwa. Basi anakaa kwake. Dawa anazipanga kwa kukisia: cha asubuhi anakiacha, cha usiku anakimeza mara mbili. Inakuja Idi na kaimati zake, tambi za sukari, soda kila nyumba unayoingia kupeana mkono. Idi ikipita, mtu anajijua sukari imepanda, anaona haya kwenda kusemwa, na wiki zinageuka miezi. Nawafahamu waliorudi kliniki baada ya hapo wakiwa na kidonda mguuni kisichokauka.

Kilichonifanya niwaheshimu hawa ni kwamba sherehe yao ilianza kabla ya mwezi kuandama. Mwishoni mwa Februari tulipata meseji ya salamu, ikitukaribisha kuja na daftari la kliniki ili tuzungumze juu ya mfungo na dawa. Ugonjwa haukutajwa kabisa kwenye meseji ile. Simu yangu inashikwa na watoto, inashikwa na wateja dukani, kwa hiyo nililiona hilo na nikashukuru.

Kwenye kikao chenyewe daktari alikaa na shekhe wa msikiti wa jirani, na nadhani hapo ndipo kazi kubwa ilipofanyika. Shekhe alianza na aya ya 185 ya Suratul Baqara, inayompa mgonjwa ruhusa ya kula na kuzilipa siku hizo baadaye. Akaeleza pia kwamba kujichoma kidole kupima sukari hakufunguzi. Wazee waliguna kwa pamoja, maana wengi wao walikuwa wanaacha kupima mwezi mzima wakiamini damu ikitoka tu saumu imeharibika. Daktari naye hakukataza watu kwa jumla. Alisema wanaotumia insulini, wenye figo zilizochoka, wajawazito wenye sukari na waliowahi kuzimia kwa sukari kushuka, hao aonane nao mmoja mmoja na wengi wao angewashauri wasifunge. Sisi wengine alitupa mipaka miwili ya kushika kichwani, kwa mashine zetu zinazosoma kwa milimoli: ikisoma chini ya 3.9 fungua, ikizidi 16.6 fungua, hata kama magharibi imebaki dakika chache. Halafu akampangia kila mtu dawa zake. Metformini, kidonge changu cha sukari cha asubuhi na jioni, ikahamia daku na futari. Hiyo ni yangu. Ya kwako akupangie daktari wako, kwa sababu vipo vidonge vya sukari vinavyoweza kuishusha mpaka ukaanguka ukivimeza ukiwa na njaa.

Nilifunga kwa utaratibu huo. Alasiri moja nilikuwa sokoni Mwanga, jasho jembamba likanitoka na mikono ikaanza kutetemeka. Nikapima, ikasoma 3.6. Nikafungua palepale kwa maji ya sukari na roho yangu ikatulia, kwa sababu swali la dini lilikuwa limeshajibiwa na mtu ninayeswali nyuma yake. Bila kikao kile, najijua, ningevumilia mpaka adhana.

Sasa siku yenyewe. Waliiweka Jumamosi ya baada ya Idi, na hilo ni jambo la akili: Idi mosi na Idi pili watu wako na ndugu zao. Turubai lilifungwa uwanjani mbele ya kliniki kwa sababu masika yalikuwa hayajaisha, mikeka kwa akina mama, viti vya plastiki kwa wazee, kaswida kwenye spika kwa sauti ya kiasi. Wakristo walikuja wengi tu. Jirani yetu mmoja Mkatoliki, naye ana presha, alipata meseji kama sisi akaja na kanga yake mpya, na aliambiwa Krismasi wangefanya vilevile.

Utaratibu ulikuwa hivi: huli kabla hujapita mezani. Uzito, presha, kidole, na mwisho meza ya miguu. Vipimo hivyo havikulipiwa siku ile. Meza tatu za mwanzo ni mambo tuliyoyazoea. Ya miguu ndiyo iliyonifanya niandike haya yote.

Idi ni viatu vipya. Kila mtu pale alikuja na makubazi mapya, kanda mbili mpya, viatu vya kuchongoka vya kijana aliyetumwa mjini. Na mtu mwenye sukari ya miaka mingi nyayo zinakuwa zimekufa ganzi, kiatu kinambana na yeye hana habari. Nesi alikaa kwenye kigoda, mbele yake karatasi za manila, kalamu na mkasi. Mzee aliyekuwa mbele yangu alikuwa amevaa viatu vyeusi vinavyong'aa.

"Shikamoo babu. Hivi ni vya Idi?"

"Marahaba. Vya Idi, mwanangu. Mjukuu kaniletea toka Dar."

"Mashallah, vimekupendeza. Naomba tuvivue kidogo."

Akamsimamisha mguu mtupu juu ya karatasi, akauzungushia kalamu, akakata umbo lile na mkasi, akalisukuma ndani ya kiatu. Karatasi ilijikunja pande zote mbili kama chapati iliyozidi kikaango. Mzee alikiangalia kiatu, akauangalia mguu wake. Kisha nesi akamwambia afumbe macho, akachukua uzi mgumu wa nailoni na kumgusa hapa na pale kwenye unyayo: "Ukisikia nimekugusa, sema ndiyo." Kisigino alisema ndiyo. Katikati ya mguu akasema ndiyo. Chini ya kidole gumba uzi uliinama kabisa, na mzee amenyamaza, anasubiri aguswe. Kando ya kidole kidogo kulikuwa na malengelenge yaliyopasuka, naye alikuwa hajui. Yalioshwa na kufungwa palepale, daktari akaitwa, na mzee akaondoka na kanda mbili pana alizopewa pale. Karatasi yake alikwenda nayo ili mjukuu ainunulie kiatu cha kufaa. Aliambiwa pia anunue viatu jioni, wakati miguu imeshavimba kidogo, na kila asubuhi aingize mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa, maana jiwe dogo tu linatosha kuanzisha kidonda.

Mimi nina sukari kwa miaka kadhaa na nimepita vituo zaidi ya kimoja. Sikuwahi kuona mtu akinivua kiatu.

Chakula kilikuwa kizuri na kilikuwa chakula chetu: pilau, mgebuka wa kuchoma, sombe (kisamvu) iliyotiwa mawese kwa kijiko badala ya kwa kumimina, kachumbari, papai na maembe. Mpakuaji alifuata mgawanyo waliotufundisha, nusu ya sahani mboga, robo samaki, robo wali. Kwa mama yangu darasa kubwa lilikuwa la chumvi. Nesi alijaza kijiko kimoja cha chai, akakipitisha watu wakione, akasema hiyo ndiyo chumvi yote ya siku kwa mtu mzima, iliyo kwenye mboga na iliyo kwenye samaki wa chumvi kwa pamoja. Mama amekuwa akila samaki wa chumvi kila siku huku akiapa kwamba mboga yake haina chumvi. Tangu siku ile anawaloweka usiku na kumwaga maji kabla ya kupika. Kaimati pia zilikuwepo, kila mtu mbili baada ya kushiba. Nimewapenda kwa hilo. Idi isiyo na kaimati hata moja ingekuwa adhabu, na mgonjwa aliyeadhibiwa mbele za watu atakwenda kujilipa nyumbani kwa sahani nzima.

Yaliyonikera. La kwanza ni zito: kijana aliyekuwa meza ya kidole alikuwa anasoma namba kwa sauti ili mwenzake aandike, na nyuma tumepanga foleni. Dada mmoja alisomewa 19 na kitu, vichwa vikageuka, akajifunika mtandio akatoka bila kula. Yule dada ndiye hasa sherehe ile ilikuwa imeandaliwa kwa ajili yake. Nilikwenda kumwambia daktari wakati uleule, akasimamisha zoezi, na kuanzia hapo namba zikawa zinaandikwa kwenye kikaratasi anachopewa mwenyewe. Nimesikia walimpigia simu siku ya pili na amerudi. Hata hivyo meza ile inahitaji pazia, na kijana yule alitakiwa afundishwe kabla, siyo baada ya mtu kutoka na machozi.

La pili, muuza dawa mmoja alichangia juisi za boksi, na zikagawiwa kwa kila mtu, wenye sukari na wasio na sukari. Darasa la saa nzima, kisha unamkabidhi mgonjwa sukari tupu mkononi. Mchango ukija wa namna hiyo bora ukataliwe, maji ya kunywa yanatosha. Hotuba zilikuwa ndefu, zipunguzwe. Na mpiga picha aombe ruhusa; si kila mtu anataka ukoo wake umuone kwenye simu akiwa kliniki ya sukari.

Nani alifaidika? Naweza kusema ninachokijua. Waliofika walipewa tarehe zao palepale, wasiofika walipigiwa simu kwa majina kutoka kwenye mafaili, na mwezi wa Aprili mabenchi ya veranda yalikuwa yamejaa watu ambao miaka mingine wakati kama huo hatuwaoni. Nilipima kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu, ikaja asilimia 7.6 kutoka 9.1 ya mwaka uliotangulia. Kipimo hicho kililipiwa, na dawa zilikwenda kwa bei ya kawaida au kwa kadi ya bima kama siku nyingine, kwa hiyo usiende ukidhani kila kitu ni bure. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne Tanzania ana presha ya juu, na wengi wetu hatuipimi mpaka ituangushe. Mwenye jirani anayelalamika kichwa na kisunzi amchukue aende naye. Hata asiye mgonjwa wao walimpima.

Ukienda, beba daftari lako na dawa zako zote kwenye mfuko, pamoja na za mitishamba kama unazitumia. Daktari anauliza bila kufoka. Vaa viatu unavyoshinda navyo, ndivyo wanavyotaka kuviona. Na uwahi kabla ya saa tatu asubuhi, kwa sababu meza ya miguu ilikuwa na nesi mmoja tu, na wengine waliondoka bila kufikiwa.