WhatsApp, M-Koba na koasta ya kukodi: tathmini ya safari ya kikundi kutoka Mtwara hadi Kilwa Kisiwani

Zamani safari ya pamoja huku Kusini ilikuwa na mwenyewe: shule, kwaya, madrasa, timu ya mpira, ofisi. Palikuwa na barua, na palikuwa na mhasibu. Siku hizi wanaosafiri ni marafiki, watu waliosoma darasa moja, majirani wa Shangani au Chikongola, wanakikoba (wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa) waliofunga mwaka. Hawana ofisi wala mhuri. Wana simu, na wanapanga kila kitu humo: tarehe kwenye WhatsApp, michango kwenye simu, gari kwa dereva ambaye namba yake imepitia mikono mitatu. Tunavipima hapa vyombo vitatu wanavyotumia zaidi, kwa safari inayopendwa kuliko zote ukanda huu, yaani Mtwara hadi Kilwa Masoko kwa koasta (basi dogo), kisha boti mpaka magofu ya Kilwa Kisiwani.

Tuanze na WhatsApp, maana ndipo safari nyingi zinapozaliwa na ndipo nyingi zinapofia. Kwa kuamua tarehe hakuna chombo bora. Kura za ndani ya kundi, zilizoletwa mwishoni mwa 2022, zimeondoa ule ubishi wa siku tatu. Weka tarehe mbili, zikizidi sana tatu, na zima ile ruhusa ya kuchagua jibu zaidi ya moja, la sivyo kila mtu atapigia zote na hutajua lolote. Ukishapata jibu, fanya kundi liwe la viongozi pekee kuandika, na ufungue kundi la pili la soga kwa wanaotaka. Bila hivyo tangazo la malipo litazikwa chini ya salamu za Ijumaa na picha za harusi. Tahadhari moja ambayo wengi hawaijui: ujumbe unaobandikwa juu ya kundi una muda wake (saa 24, siku 7 au siku 30), ukiisha unatoka wenyewe. Bei, namba ya kulipia na siku ya mwisho viandikwe kwenye maelezo ya kundi, pale havitoki.

Udhaifu wa WhatsApp ni neno "nipo". Mtu akiandika "nipo" au "weka jina langu" hajasema uongo, ila hajalipa. Tumezoea michango ya harusi, ambako ahadi ni heshima na kamati huweza kumngoja mtu mpaka wiki ya sherehe. Mwenye koasta hangoji. Kwa hiyo orodha ya kundi iwe na majina ya waliolipa peke yao, pamoja na kiasi, na isasishwe kila jioni na mtu mmoja. Orodha ya waliosema nipo isiwekwe kabisa, kwa sababu inawapa watu imani kwamba gari limejaa.

Hesabu yenyewe inaonyesha kwa nini. Safari ina gharama za aina mbili: zinazofuata kichwa cha mtu (chakula, kiingilio, malazi) na zisizojali mko wangapi (gari, mafuta, dereva). Tuseme koasta imekodiwa kwa Sh 700,000 kwa siku mbili, dizeli lita 100 kwa Sh 3,000 kila lita, na posho ya dereva pamoja na malazi yake Sh 60,000. Jumla ni Sh 1,060,000. Mkiwa 25, kila mtu anabeba Sh 42,400. Wakikimbia wanane, waliobaki 17 wanabeba kama Sh 62,350. Karibu elfu ishirini zaidi kwa kila mtu aliyekuwa mwaminifu, na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Piga bei ya safari kwa robo tatu ya viti, usipige kwa viti vyote. Wakizidi, ziada igeuke chakula cha usiku au irudi. Na kanuni ya kujitoa itangazwe siku ya kwanza: sehemu ya gari hairudishwi mpaka aliyejitoa apate wa kuziba nafasi yake, sehemu ya chakula na malazi hurudishwa kama bado haijalipiwa.

Kwa kukusanya fedha tumelinganisha njia mbili. Ya kwanza ni kutuma kwa simu ya mweka hazina. Ni haraka, kila mtu anaijua, na kwa safari ya wiki mbili mbele inatosha. Kasoro yake ni kwamba hela ya safari inakaa pamoja na hela ya nyumbani, na mwenye simu akipata dharura ya usiku mambo yanachanganyika bila hata nia mbaya. Atakayeishika atumie laini ya pembeni, na asipokee picha ya skrini kuwa ushahidi, kwa sababu picha hizo hutengenezwa. Ushahidi ni salio lake na namba ya muamala.

Njia ya pili ni M-Koba, huduma ya vikundi ya Vodacom iliyoanza 2019 kwa kushirikiana na benki ya TPB, ambayo leo ni TCB. Uzuri wake mkubwa ni kwamba fedha haitoki kwa kidole cha mtu mmoja, lazima viongozi wa kikundi waidhinishe. Kwa safari ya kudunduliza miezi minne au mitano, hasa ya wanakikoba waliokwisha kuzoeana, ni chaguo letu la kwanza. Kwa safari ya ghafla hatuishauri: kuunda kikundi, kuingiza wanachama na kuchagua viongozi huchukua muda, na kosa la kawaida ni kumchagua mwidhinishaji ambaye hatasafiri. Mko Masoko, boti inasubiri hela, naye yuko shambani Nanyamba simu imezimwa. Waidhinishaji wote wawe ndani ya gari. Toeni sehemu ya fedha taslimu kabla ya kuondoka, ya boti na dharura, maana wenye vyombo pale gatini hupenda noti.

Sasa gari, na hapa tunakaa zaidi kwa sababu hapa ndipo pesa na roho za watu zilipo. Mkiwa chini ya wanane msikodi chochote: pandeni basi la Dar, mshuke Nangurukuru, kisha kilomita kama 30 mpaka Masoko kwa gari dogo au bajaji. Kati ya wanane na kumi na nne, Noah mbili au Hiace moja. Kuanzia kumi na nane, koasta haina mpinzani. Lakini hesabu viti vya kudumu, si vile vya kukunja katikati ya njia. Mwenye gari atakwambia inabeba 29 au 30, akiwa amehesabu na vile. Kiti cha kukunja kwa saa tano ni adhabu ya mgongo, na kikiwa kimefunguliwa kinaziba njia ya kutokea siku gari likipata ajali au moto.

Barabara ya Mtwara, Mikindani, Mingoyo, Mchinga, Kiranjeranje hadi Nangurukuru na kuchepuka Masoko ni karibu kilomita 280. Koasta yenye injini ya dizeli ya 1HZ ikiwa imejaa watu hula lita moja kwa kilomita sita hadi saba, kiyoyozi kikiwashwa hula zaidi. Kwenda na kurudi ni lita kama 86, weka 100 na mizunguko ya pale. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo ya mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, hivyo mkikubaliana bei ya gari mwishoni mwa mwezi kwa safari ya mwezi ujao, andikeni lita, msiandike shilingi. Na swali la kwanza kwa mwenye gari liwe: mafuta ni juu ya nani? Bei inayoonekana rahisi mara nyingi ni ya gari tupu. Kama mafuta ni juu yenu, mweka hazina asimame pampuni, na sindano ya kuonyesha mafuta ipigwe picha kabla na baada.

Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha, ila uwe na namba ya usajili ya gari lenyewe. Tatizo linalojirudia sana ni kuonyeshwa gari jipya na kuletewa jingine alfajiri. Uandike pia saa ya kuondoka, nani analipa malazi ya dereva, na gari likiharibika njiani mwenye nalo ataleta jingine au atarudisha kiasi gani. Advansi isizidi nusu. Gari la njia fulani likitoka nje ya njia yake linahitaji kibali cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu. Ombeni kukiona, kwa sababu likikamatwa Mingoyo mtakaoshushwa juani ni ninyi. Dereva awe na leseni ya daraja C inayolingana na idadi ya abiria, D peke yake haitoshi. Siku moja kabla, gari likaguliwe mchana: tairi zote na la akiba (tarakimu nne ubavuni ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019), jeki na spana yake, kizimamoto, mikanda, taa za nyuma.

Kwenda na kurudi Kilwa kwa siku moja ndilo pendekezo baya kuliko yote yanayosambaa kwenye makundi, na tunalipinga waziwazi. Mkitoka Mtwara saa kumi na moja alfajiri, pamoja na kusimama Lindi kwa chai, mtafika Masoko kama saa nne na nusu. Vibali na boti, mnakanyaga kisiwa karibu saa sita, jua la utosi. Mkiondoka Masoko saa kumi jioni mnaingia Mtwara saa tatu na nusu usiku, na dereva yuko macho tangu saa kumi usiku uliopita. Laleni Masoko usiku mmoja. Gharama ya malazi ni ndogo kuliko hatari hiyo.

Mkilala, asubuhi ni yenu. Mfereji kati ya Masoko na Kisiwani ni mfupi, lakini msimu wa kusi upepo huongezeka kadiri mchana unavyosogea, na kurudi alasiri mnalowa. Ondokeni saa moja. Makoti ya kuokolea yahesabiwe kabla ya kulipa: watu 22, makoti 22, na kama boti moja haitoshi chukueni mbili. Kisiwani kuna Msikiti Mkuu, Gereza (ngome ya kale), kasri la Makutani, na mbele zaidi Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 juu ya bahari. Huko ni mwendo wa miguu na kivuli ni haba, hivyo kila mtu abebe lita moja na nusu ya maji. Ibn Battuta alifika mji huu 1331, na UNESCO iliuingiza pamoja na Songo Mnara katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Msiupite kwa kupiga picha nusu saa: chukueni mwongozaji, mgawanyike makundi mawili, sauti ya mtu mmoja haiwafikii ishirini na tano penye upepo.

Wanaotaka kuunganisha Songo Mnara waangalie mwezi kabla ya kupanga. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pwani yetu maji hukauka sana karibu saa nne asubuhi, na kule mnashuka kwenye matope ya mikoko mpaka magotini. Wazee na watoto hawatafurahi. Chagueni siku za maji mafu, yanapokupwa kidogo, au mfike wakati maji yanajaa.

Vibali vya magofu vinatolewa Masoko, kabla ya kuvuka. TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, ndio wasimamizi, na malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali. Raia na wasio raia wana viwango tofauti, basi kila mmoja aje na kitambulisho cha NIDA. Orodha ya majina mkiwa nayo imechapwa, mnamaliza kwa dakika chache. Chakula kiagizwe kwa simu siku moja kabla na kilipiwe nusu. Sahani 22 za wali na samaki zisizoagizwa ni kungoja saa mbili. Mwezi wa Ramadhani hesabuni kwamba mchana hamtapata pa kula, na mwaka mzima vaeni nguo za stara.

Kuhusu msimu, mvutano uko hapa: fedha za korosho huanza kuingia kwenye akaunti kuanzia minada ya Oktoba na Novemba, na mvua huanza Desemba. Kwa hiyo wikiendi za Novemba koasta hugombaniwa na bei hupanda. Kukusanya kuanzia malipo ya korosho na kusafiri Juni au Julai mwaka unaofuata ndiyo ratiba inayofanya kazi vizuri, na hapo M-Koba inalipa. Wenzenu wa Dar wanaokutana nanyi Kilwa waepuke Aprili na Mei. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara yao ilikatika Somanga.

Kikundi kisichoweza kulala nje kina Mikindani, kilomita kama kumi kutoka mjini, ambako koasta haihitajiki kabisa, daladala zinatosha. Au Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari ya ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma, nako kiingilio hulipwa kwa utaratibu wa serikali. Huko kosa la kawaida la madereva ni kuingiza koasta kwenye mchanga ili abiria washukie ufukweni. Mwambieni asimame kwenye udongo mgumu, kipande kilichobaki mtembee, na ndani ya gari pawe na jembe moja na mbao mbili za kuweka chini ya tairi.