Saa ya sataranji iliyoniokolea nusu pointi Kisumu

Saa hii ya kidijitali niliinunua kwa shilingi 7,000 katika duka moja la vifaa vya michezo mjini Kisumu, kwa kuwa ile yangu ya mishale haina uwezo wa kumwongezea mchezaji sekunde 30 kila anapocheza hatua. Wiki mbili baadaye niliitumia mashindanoni dhidi ya mpinzani aliyenizidi kwa alama 400 za Elo, yaani kipimo cha uwezo wa wachezaji wa sataranji. Kwa hesabu za Elo, mtu wa kiwango changu hutarajiwa kupata chini ya pointi moja katika michezo kumi na mchezaji kama huyo.

Tulifika mwishoni yeye akiwa na ngome na askari mmoja, mimi nikiwa na ngome peke yake. Kinga ya hali hiyo ni ile inayoitwa kwa jina la Mfaransa Philidor: ngome yako hukaa kwenye mstari wa mbele ya askari ili mfalme wa adui asipite, na askari akisogea hapo, unaikimbiza hadi upande wa pili wa ubao na kumpa mfalme wake shaha, yaani kumtishia, kutoka nyuma. Naijua vyema, lakini kwa saa ya mishale nilishaishindwa mara mbili kwa sababu ya muda tu. Safari hii nilibaki na sekunde 40 hivi kwa zaidi ya hatua ishirini, na kila nilipobonyeza, nyongeza iliingia bila kukosea.

Nyongeza ya sekunde 30 pia humlazimu mchezaji kuandika hatua zote hadi mwisho, hivyo karatasi yangu ilikuwa kamili pale hali ya ubao ilipokaribia kujirudia mara ya tatu, jambo linalompa mchezaji haki ya kudai sare. Niliandika hatua yangu bila kuicheza, nikataka kusimamisha saa nimwite mwamuzi. Hapo ndipo kasoro kubwa ilipojitokeza: kitufe cha kusimamishia ni kidogo mno, na hakiitikii mpaka ukishikilie, huku sekunde zako zikiyoyoma. Madai yalikubaliwa, tukagawana pointi, nami nikaongeza alama zipatazo 8.

Betri bado ni zilezile. Kioo, hata hivyo, hakisomeki ukikaa karibu na dirisha jua la alasiri linapopiga kutoka ziwani. Nililazimika kukikinga kwa kiganja, jambo lililomkera mpinzani wangu, na sikumlaumu. Naipa nyota nne.