Kengele ililia kwa kosa la keshia, picha nikapigwa mimi

Ni supamaketi ya mtaani kwetu hapa Mombasa. Jina silitaji, wa upande huu wataijua. Nimenunua pale miaka na miaka. Mkate wao hutoka moto saa kumi jioni, mboga zao hazilali. Sikuwa na neno nao hadi siku moja ya mwisho wa mwezi, binti yangu aliponituma maziwa ya kopo ya mtoto.

Nilikwenda na mjukuu wangu wa miaka sita. Mlangoni kikapu kikazuiwa, nikapewa kibao cha namba. Hilo nalo hunikera. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017 tunaambiwa tubebe vikapu, na tukivibeba tunatazamwa kama tumekuja kuiba. Nikakiacha, sikutaka maneno.

Makopo yale yamefungwa kidude cha kuzuia wizi, na sumaku ya kukitoa anayo keshia. Keshia alikuwa akipiga soga na mwenzake. Akaniuliza namba ya simu ya kadi ya pointi, nikamtajia, jina langu likatokea kwenye kioo chake, akalisoma kwa sauti watu wote wakasikia. Nikalipa kwa M-Pesa. Kidude hakukitoa.

Kufika langoni, kengele ikalia. Askari, kijana wa rika la kitinda mimba wangu, akanikamata juu ya kiwiko. "Wewe mama, rudi hapa!" Risiti ninayo mkononi, namnyooshea, haitazami. Akamwaga vitu vyangu juu ya meza ya mizigo, kisha akafungua na mkoba wangu. Vidonge vyangu vya presha vikabingirika mpaka miguuni mwa watu waliopanga foleni. Hakuna aliyesema kitu. Mjukuu wangu akanivuta buibui: "Bibi, umefanya nini?"

Nikapelekwa chumba cha nyuma, kule kwenye vioo vya kamera. Msimamizi akasoma risiti, akaliona kopo limo, akasema, "Ni kosa dogo la keshia, mama, pole." Nikadhani yamekwisha. Kumbe kabla risiti haijasomwa, askari alikuwa keshanipiga picha kwa simu yake mwenyewe, na namba ya kitambulisho changu imeshaingia kwenye daftari lao. Nikaomba vifutwe. Nikajibiwa kwamba huo ndio utaratibu wa usalama.

Nisiwaonee. Wizi upo, na maziwa ya watoto ni ghali, ndiyo maana yanafungwa vidude. Yule askari, alipokuwa akinirudishia vitu, sauti ilimshuka akaniambia kuwa kitu kikipotea zamu yake anakatwa yeye. Nilimhurumia. Mtu anayelipishwa kopo la maziwa na mshahara ule ataona mwizi kila mahali. Nilipofika nyumbani nilishaamua kuwapa nyota tatu, yaishe.

Usiku nikiwa nimejilaza, ujumbe ukaingia kwenye simu. Mpendwa mteja, jina langu kamili, asante kwa kununua nasi, umepata pointi 23.

Hapo nikapanda. Namba yangu wanayo, kitambulisho wanacho, tarehe ya kuzaliwa wanayo, wanajua napikia mafuta gani na mjukuu anakunywa maziwa yapi. Wakitaka kunitumia matangazo wananijua. Nikisimama langoni na risiti waliyonipa wenyewe, hawanijui!

Mpwa wangu aliye chuoni akanisomea. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinamlinda mtu asipekuliwe yeye wala mali yake, wala asidaiwe habari zake za faragha bila sababu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inanipa haki ya kujua wameweka nini kunihusu, na kutaka kifutwe kisichostahili kuwekwa. Tena si sheria ya kwenye makaratasi tu: Septemba 2023 baa moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kutundika picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake.

Nimewaandikia barua, nimeipeleka mwenyewe, nikataka nakala yangu igongwe muhuri. Pole ya msimamizi nimeipokea, na yule kijana sitaki afukuzwe. Nataka picha yangu itoke kwenye simu yake, na jina langu litoke kwenye daftari la wezi. Mpaka leo kimya. Wakiendelea kunyamaza nitakwenda kwa Kamishna wa Data, ambaye sheria inamtaka amalize uchunguzi wa lalamiko ndani ya siku 90.

Nyota zile tatu nimezirudisha, nimeacha moja. Mkate siku hizi nanunua kwa Mwarabu wa kona. Na tukipita mbele ya lango lile, mjukuu wangu hunishika mkono akanivutia upande wa pili wa barabara.