Sanduku la huduma ya kwanza Lubumbashi: lipi linunuliwe, lipi liachwe dukani

Ukifungua sanduku la huduma ya kwanza katika nyumba nyingi za Lubumbashi, utakuta vidonge. Kuna amoksisilini iliyobaki ya mgonjwa wa mwaka jana, dawa ya malaria isiyo na karatasi yake, alkoli nusu chupa na bonge la pamba. Mtoto akimwagikiwa maji ya bukari (ugali) yanayochemka, hakuna kitu humo kitakachomfaa. Fundi akikatwa kiganja na mashine ya kusagia chuma, hali ni ileile. Ndiyo maana mwongozo huu unapima kila sanduku kwa swali moja: je, linaweza kuzuia damu na kupoza moto kabla mgonjwa hajafika hospitali ya Sendwe au kituo cha afya cha mtaa?

Nafasi ya kwanza: sanduku unalojaza mwenyewe

Kwa nyumba, hili linashinda yote. Nunua boksi la plastiki lenye kifuniko kinachobana, kisha nenda farmasi na orodha yako. Unalipia unachohitaji tu, na kila kitu unakishika na kukisoma kabla ya kutoa pesa.

Kabla ya farmasi, nunua bidoni (dumu) ya lita 20 yenye kifuniko, uijaze maji safi na uiweke mahali ambapo hakuna atakayeyachota kwa kufulia. Kwa mji ambao bomba la REGIDESO, shirika la maji, linaweza kukauka siku nzima, hiyo ndiyo dawa yako ya kuungua. Jeraha la moto hupozwa kwa maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Ukimimina polepole, lita moja kwa dakika, bidoni moja inatosha kabisa. Usipake dawa ya meno, mafuta ya mawese, yai wala barafu. Vua pete na nguo iliyo karibu na jeraha, ila iliyogandamana na ngozi iache. Nayafafanua haya kwa sababu mbabula, jiko letu la mkaa, inakaa chini, watoto wanacheza chini, na sufuria ya bukari haina mpini.

Sasa farmasi. Kwa nyumba ya watu sita hivi, omba kompresi (vitambaa vya kufunika jeraha) zilizotakaswa za sentimita 10 kwa 10, zile za pakiti mojamoja, zisipungue 20. Watu hununua tano, na tano zinaisha kwenye jeraha moja linalovuja damu. Ongeza bandeji za velpo, zile za kuviringisha: nne za sentimita 10 na mbili za sentimita 5. Chukua sparadra (utepe wa kunata) roli moja, glavu jozi tano au zaidi, mkasi wenye ncha butu na kibano cha kutolea miiba. Bandeji ya pembetatu huna haja ya kuinunua: mpe fundi cherehani kitambaa cha pamba cha mita moja kwa mita moja, akikate kutoka kona hadi kona, utapata mbili za kufungia mkono uliovunjika.

Kwa kusafisha, maji mengi na sabuni ndiyo ya kwanza. Betadini, dawa ya kuua vijidudu, ya asilimia 10 inafaa kwenye ngozi inayozunguka jeraha, lakini isipakwe kwa mtoto aliye chini ya mwezi mmoja. Kwa huyo muulize mfamasia kuhusu kloreksidini, dawa nyingine ya kuua vijidudu. Alkoli na ile dawa inayotoa povu zinaunguza nyama mpya, kwa hiyo usizimimine ndani ya jeraha. Dawa ya rangi ya zambarau pia iache, maana inapaka rangi mahali ambapo muuguzi anahitaji kuona. Vichupa vya seramu fizioloji (maji ya chumvi yaliyotakaswa) vya mililita 5 vinafaa sana kwa jicho lililoingia vumbi, na vumbi letu la kiangazi mnalijua.

Dawa za kumeza ziwe chache. Parasetamoli, basi. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge nane vya miligramu 500, na kwa mtoto hesabu kwa uzito: miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa sita. Mtoto wa kilo 10 anapata 150. Usimpe mtoto aspirini. Weka na pakiti nne za SRO, chumvi ya kukoroga kwenye maji ya kunywa, kwa ajili ya kuhara. Soma pakiti kama ni ya lita moja au ya mililita 200, na ukishakoroga, kilichobaki baada ya saa 24 kimwage. Antibiotiki haina nafasi humu, hata kama jirani anakushauri vingine.

Nafasi ya pili: sanduku lililokwisha jazwa, la kazini

Kwa garaji, kiwanda kidogo, shule au saluni, sanduku lililojazwa tayari linaweza kuwa bora kuliko la kujikusanyia, kwa sababu mwenye kazi ana mambo mengi na orodha ya kujikusanyia huishia nusu. Bidhaa nyingi zinatufikia kutoka Afrika Kusini kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Kule, sheria inamlazimu mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya watano kuwa na sanduku, na orodha ya vitu imeandikwa ndani ya sheria hiyo: bandeji za pembetatu, bandeji za kuviringisha za upana tofauti, vitambaa vikubwa vya jeraha, vibao vya kufungia mfupa, glavu, mkasi. Sanduku lililofuata orodha hiyo ni la maana. Muombe muuzaji afungue, uhesabu mbele yake. Akikataa kufungua, ondoka.

Kulingana na kazi yenu, ongezeni. Wanaochomelea vyuma na wanaomimina betri wanahitaji maji ya macho: tindikali au saruji ikiingia jichoni, osha kwa maji safi dakika 15 hadi 20 bila kukatiza, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole. Wanaotengeneza sabuni kwa soda kali wako kwenye hatari hiyohiyo, tena mara nyingi wanafanyia kazi uani kwao, watoto wakiwa karibu. Kwa malewa (migahawa) na hoteli, ongezeni vitambaa vilivyopakwa vaseline vya kufunika jeraha la moto baada ya kupozwa. Farmasi wanaviita tulle gras.

Kuhusu mkanda wa kukaza wa kuzuia damu ya mguu au mkono: pale penye msumeno na mashine ya kukata, nunueni, lakini si ule wa bei ya kutupa. Bandia nyingi zina kijiti cha kukazia kinachovunjika ukikizungusha kwa nguvu. Jaribuni mmoja kwenye mguu wa meza kwanza, na huo uliojaribiwa ubaki wa mazoezi. Unafungwa sentimita 5 hivi juu ya jeraha, kamwe si kwenye goti lenyewe au kiwiko chenyewe, na saa iliyofungwa inaandikwa. Kwa majeraha mengi, mikono miwili ikikandamiza kompresi kwa nguvu bila kuchungulia kila mara inatosha.

Sanduku la kazini likae pale kazi inapofanyika. Likifungiwa ofisini kwa patroni (bosi) na ufunguo ukaenda naye mjini, ni sawa na kutokuwepo. Alama yake ni msalaba mweupe juu ya kijani, kwani msalaba mwekundu ni nembo ya Msalaba Mwekundu na inalindwa na Mikataba ya Geneva. Na patroni wakumbuke kwamba Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtwika mwajiri matibabu ya mfanyakazi wake. Kompresi ni nafuu kuliko bili ya hospitali.

Nafasi ya tatu: mfuko wa gari

Magari ya mitumba kutoka Ulaya huja mara nyingi na kifuko kilichoandikwa DIN 13164, kanuni ya Kijerumani ya huduma ya kwanza ndani ya gari. Bandeji zake ni nzuri na hakina dawa ya kumeza. Tatizo ni umri: angalia tarehe ya mwisho, maana vingi vilipita tarehe kabla hata ya kupanda meli. Pakiti iliyokauka na kupasuka haina tena usafi wa kugusa jeraha. Ibadilishe, mfuko wenyewe uendelee nao. Kwa dereva wa teksi ni chaguo la haki. Kwa nyumba ni kidogo.

Nafasi ya mwisho: vifuko vya zawadi

Ni vizuri kutazama: zipu, rangi, plasta ishirini, vitambaa vya alkoli, mkasi usiokata karatasi. Usinunue. Pamoja navyo naweka dawa zinazouzwa juani sokoni, zilizokatwa kwenye karatasi bila namba ya toleo (LOT) wala tarehe. Nunua boksi zima, lililofungwa, na risiti.

Kulitunza

Dawa nyingi zinataka joto lisizidi nyuzi 30, na Oktoba yetu inalipita hilo kwa urahisi chini ya mabati. Sanduku likae chumba chenye kivuli, juu kuliko mkono wa mtoto, mbali na mbabula na bafu. Likague mara mbili kwa mwaka: mwezi wa tano baridi inapoanza, na mwezi wa kumi na moja mvua ikishashika. Kazini, kila mwezi. Bandika ndani ya kifuniko karatasi ya vitu na tarehe zao, na siku unapofungua betadini andika tarehe juu ya chupa. Mtu mmoja awe na jina lake kwenye karatasi hiyo kama mlinzi wa sanduku, na kilichotumika kirudishwe wiki ileile. Hapo masanduku mengi hufa: hutumika mara moja, hayajazwi tena.

Kuna hatari moja ambayo hakuna sanduku linaloiweza. Usiku wa Juni na Julai, baridi ikikaza, watu huingiza mbabula yenye makala (mkaa) chumbani na kufunga dirisha. Gesi yake ya sumu haina harufu. Mbabula ibaki nje, na ukimkuta mtu amelegea chumbani, fungua mlango na madirisha, mtoe nje kwenye hewa kwanza, kisha hospitali.

Kama pesa ni ya kupimia mwezi huu, anza na bidoni, kompresi, velpo na glavu. Mwezi ujao mkasi, sparadra, betadini na SRO. Boksi lenyewe linaweza kungoja. Ndoo safi yenye kifuniko inafanya kazi hiyo vilevile. Kwenye kifuniko chake andika namba ya jirani mwenye gari na ya kituo cha afya kinachofungua usiku.